Ndege Mwenye Chombo Mgongoni Si Jasusi



Askari aliyewekwa Oraba au Vurra hufundishwa kukagua. Hukagua lori, hukagua pikipiki, hukagua gunia la mihogo na begi la mwanafunzi. Wako hata hivyo wasafiri wasiosimama penye kizuizi wala hawachukui hati, nao huvuka mipaka mingi kuliko dereva yeyote wa lori aliyepata kupita Koboko. Wasafiri hao ni ndege wa kuhama. Kila mwaka, majira ya baridi yanapoikaribia Ulaya, korongo weupe kwa malaki huondoka huko na kushika njia ya Afrika. Mwezi wa Septemba huwa wamefika Sudan. Hupumzika huko kwa wiki kadhaa wakila nzige, panzi na viwavi, kisha mnamo Novemba na Desemba wengi wao huendelea kusini kupitia anga za Uganda, Kenya na Tanzania, na baadhi yao hufika mpaka Afrika Kusini. Mwezi wa Februari na Machi hugeuza nyuso zao kaskazini na kurudi walikozaliwa.

Miongoni mwa malaki hayo wamo wachache ambao mtu akiwatazama kwa makini ataona kitu mgongoni mwao: kijisanduku kidogo, pengine chenye kioo cheusi cha kunasa nguvu za jua, na pengine waya mwembamba uliochomoza nyuma kama erieli ya redio. Miguuni wanaweza kuwa na pete ya chuma au ya plastiki yenye herufi na namba. Raia wa Dadamu anayelima shamba lake, au mvuvi wa Pakwach, akimwokota ndege wa namna hiyo akiwa amechoka au amevunjika bawa, hatampeleka kwa profesa. Atampeleka kituo cha polisi, au kwa askari jeshi aliye karibu. Kwa hiyo ni wajibu wa askari kufahamu ni kitu gani kimewekwa mbele yake juu ya meza.

Yaliyotokea Misri mwaka 2013 yanafaa kusimuliwa kwa ukamilifu. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka huo, katika jimbo la Qena kando ya mto Nile, raia mmoja alimwona korongo mwenye chombo mgongoni. Nchi ilikuwa katika misukosuko mikubwa ya kisiasa, na kila mtu alimshuku jirani yake. Raia yule akamkamata ndege, akamfikisha polisi, akieleza kwamba huenda ni jasusi. Polisi wakamweka korongo mahabusu, na picha yake akiwa nyuma ya nondo ikazunguka dunia nzima. Baadaye madaktari wa mifugo waliitwa, wakakichunguza chombo, wakathibitisha kwamba hakikuwa bomu wala mtambo wa upelelezi, bali chombo cha wataalamu wa ndege cha kufuatia safari zake. Korongo huyo, ambaye wahifadhi wa mazingira walimpa jina la Menes kwa heshima ya farao wa kale, akaachiwa huru katika hifadhi karibu na Aswan. Hakuenda mbali. Siku chache baadaye alikamatwa tena katika kisiwa kimoja cha mto huo huo, akachinjwa, akaliwa.

Watu wengi ulimwenguni walicheka. Sisi hatuoni sababu ya kuwacheka polisi wa Qena, maana wao walifanya lililo sahihi: walimpokea, wakamhifadhi akiwa hai, wakamwita mjuzi, wakasikiliza maneno yake. Kilichopungua ni kwamba wakazi wa kule alikoachiliwa hawakuwa wamepata habari yoyote juu yake.

Tena Misri haikuwa peke yake. Mapema mwaka 2011 nchini Saudia alikamatwa tumbusi mwenye chombo na kibandiko kilichoandikwa jina la Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Magazeti yakaandika habari za njama za Wayahudi, mpaka mkuu wa mamlaka ya wanyamapori ya Saudia, ambaye ni mwanamfalme, alipojitokeza hadharani na kueleza kwamba vyombo vya namna hiyo hutumiwa na wanasayansi wa nchi nyingi, Saudia ikiwa mojawapo. Mwezi wa Desemba 2012 mambo hayo hayo yakarudiwa katika jimbo la Darfur, Sudan, kwa tumbusi mwingine aliyetoka upande huo huo. Darfur si mbali sana nasi kwa kipimo cha ndege. Kiumbe anayeruka kilomita 200 au 300 kwa siku moja yenye upepo mzuri huweza kutoka huko na kufika West Nile kabla ya wiki moja kwisha.

Sasa tuseme kweli: je, shaka ya askari ni upumbavu? Hata kidogo. Historia inamuunga mkono. Katika vita vikuu vya kwanza na vya pili njiwa walibeba barua za majeshi, na mapema katika karne ya 20 Mjerumani mmoja, Julius Neubronner, alibuni kamera ndogo ya kufungwa kifuani mwa njiwa. Mwaka 2019 shirika la ujasusi la Marekani lenyewe lilifungua majalada yake ya miaka ya 1970, na ndani yake ikaonekana kwamba lilijaribu kuwafunga njiwa kamera ili wapige picha juu ya maeneo ya Urusi ya Kisovieti. Zaidi ya hayo, hapa kwetu West Nile hakuna haja ya kumfundisha mtu kuogopa kitu asichokijua. Mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa mapigano ya miaka ya 1990 yaliwaacha watu bila miguu, na baadhi yao tunakutana nao sokoni hadi leo. Askari anayekitazama kijisanduku kigeni kwa jicho la tahadhari anafanya kazi anayolipwa kuifanya.

Lakini tahadhari iliyo bora hutanguliwa na maarifa. Basi na tukifungue chombo hicho kwa maneno, ili pasiwe na haja ya kukifungua kwa bisibisi.

Kwa muda mrefu binadamu hakujua ndege huenda wapi. Huko Ulaya walikuwako wenye elimu walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya ziwa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni ukatokeza upande wa pili. Mkuki ule ulikuwa na urefu wa sentimita 80 hivi, nao haukuwa wa Ulaya. Ulikuwa wa Afrika. Mtu fulani wa bara letu, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alimrushia korongo mkuki, korongo akaondoka nao mwilini, akavuka jangwa na bahari mpaka nyumbani kwake. Ndege huyo aliyekaushwa amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Twaweza kusema kwamba chombo cha kwanza kuthibitisha safari ya korongo kilitengenezwa na mhunzi Mwafrika, ingawa nia ya mwenye mkuki ilikuwa kitoweo.

Baadaye ikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Njia hiyo ingali ikitumika. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu mwaka 1969 ndege wa kuhama hunaswa kwa nyavu laini katika usiku wa ukungu, huvishwa pete, kisha huachiwa waende zao. Hata hivyo pete ina upungufu mmoja mkubwa: haisemi lolote mpaka mtu amwokote ndege, aisome, na ajisumbue kuandika barua. Kwa ndege wadogo, katika mamia wanaovishwa pete, anayepatikana tena huwa mmoja au hayupo.

Ndipo setilaiti zilipoingia kazini. Mwaka 1978 Ufaransa na Marekani zilianzisha mfumo uitwao Argos. Setilaiti zinazobeba mitambo yake huizunguka dunia kupitia ncha ya kaskazini na ya kusini, katika kimo cha kilomita 850 hivi, na kila mzunguko mmoja huchukua muda wa dakika 100 kwa kukadiria. Kile chombo alichofungwa ndege hutoa mlio mfupi wa redio, usiofika sekunde moja, kisha hunyamaza, kisha hutoa tena. Setilaiti inapopita juu huusikia mlio huo. Mahali alipo ndege hujulikanaje? Hapa askari wa polisi atatuelewa upesi kuliko mtu mwingine. Gari lenye king'ora likikujia kwa kasi, sauti yake huwa nyembamba. Likishakupita na kwenda zake, sauti huwa nzito, ingawa king'ora chenyewe hakikubadilika. Mawimbi ya redio nayo yana tabia hiyo hiyo. Setilaiti hupima jinsi mlio unavyobadilika inapoukaribia na inapouacha nyuma, na kutokana na mabadiliko hayo tarakilishi zilizoko ardhini hupiga hesabu na kusema: ndege yuko hapa, pengine kwa kukosea mita mia chache, pengine kilomita kadhaa.

Wa kwanza kufaidika walikuwa ndege wakubwa, kwa kuwa vyombo vya kwanza vilikuwa vizito. Mwaka 1989 wanasayansi wa Ufaransa waliwafuata ndege wa baharini waitwao albatrosi, wakashangaa kuona kwamba ndege mmoja huweza kusafiri maelfu ya kilomita katika safari moja tu ya kutafuta chakula cha kinda lake. Mwaka 1991 Mjerumani Peter Berthold na wenzake walianza kuwafunga vyombo korongo weupe. Mmoja wa korongo hao, jike waliyemwita Prinzesschen, yaani binti mdogo wa mfalme, alianza kufuatwa mwaka 1994, na habari zake ziliendelea kukusanywa mpaka alipokufa Afrika Kusini mwezi wa Desemba 2006. Miaka 12 ya safari za kwenda na kurudi, juu ya nchi zilizokuwa katika amani na nchi zilizokuwa vitani.

Vyombo vya siku hizi vimekwenda mbele zaidi. Vingi hutumia mfumo wa GPS, ule ule ambao jeshi la Marekani liliuunda kwa ajili ya vita na ambao leo umo katika simu ya kila mwendesha bodaboda wa Arua. Setilaiti za mfumo huo ziko juu sana, kilomita 20,200 hivi, nazo hutangaza saa na mahali zilipo. Chombo cha ndege husikiliza setilaiti zisizopungua nne, kikatambua chenyewe mahali kilipo kwa kukosea mita chache tu. Kisha huihifadhi habari hiyo, na huituma ama kwa setilaiti za Argos, ama kwa mtandao wa simu za mkononi kama afanyavyo mtu anayetuma ujumbe mfupi. Pasipokuwa na mtandao, chombo husubiri. Korongo aweza kukaa katika mabwawa makubwa ya Sudan Kusini wiki nyingi pasipo kusikika, halafu siku anapoupita mnara wa simu, akatuma kwa mkupuo safari yake yote.

Askari na ashike jambo hili: chombo hiki husema mahali kilipo chenyewe. Vingine hupima pia joto na jinsi mwili wa ndege unavyotikisika, ili ijulikane kama anaruka, amelala au amekufa. Hakina kamera wala hakisikilizi mazungumzo ya watu. Kanuni ya wataalamu ni kwamba mzigo usizidi sehemu 3 katika 100 za uzito wa ndege mwenyewe. Korongo wa kilo 3 na nusu asifungwe kitu kinachozidi gramu 100, na aghalabu hufungwa kisichofika nusu yake. Nguvu ya jua inayonaswa na kioo kidogo kama kiberiti haitoshi kurusha picha na sauti mchana kutwa kutoka pori la Koboko. Na hata kama ingetosha, ni jemadari gani atakayemtuma mpelelezi asiyeweza kuamriwa aende wapi, ambaye akiuona uwanja wa panzi huiacha kambi ya jeshi na kwenda kula?

Kuna hoja nyingine yenye nguvu zaidi. Habari nyingi za ndege hawa hazifichwi. Iko hazina kubwa ya kumbukumbu iitwayo Movebank, inayotunzwa na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, na iko programu ya simu inayomwezesha mtu yeyote kuwatazama korongo kadhaa wakiwa safarini. Mwanafunzi wa sekondari ya Arua aweza kujua leo korongo fulani alilala wapi jana. Ujasusi ambao ramani yake hubandikwa hadharani ni ujasusi wa ajabu.

Isitoshe, vyombo hivi ni vinyonge mbele ya siasa za wakubwa. Mtambo wa kuwasikiliza wanyama uliofungwa katika kituo cha anga za juu, uitwao Icarus, ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Ujerumani na Urusi, ulianza kazi mwaka 2020 na ukanyamaza mwezi wa Machi 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine. Binadamu waligombana, ndege wakakosa msikilizaji.

Askari aweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi?

Yanawahusu kwanza wanaoruka. Marubani wa jeshi wanajua kwamba ndege mmoja wa kilo chache, akigongana na ndege-vita iliyo katika mwendo wa kasi, ni sawa na kombora. Mwaka 1983 ndege-vita ya Israel aina ya Skyhawk iligongwa karibu na Hebron na mwewe mmoja mla nyigu. Rubani alitupwa nje na kiti chake cha kujiokoa, naye akapona, bali ndege ikateketea. Nchi ile iko katikati ya njia kuu ya ndege watokao Ulaya kuja kwetu, maana korongo na tai hupaa kwa kubebwa na hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa hewa hiyo haipandi juu ya bahari, huizunguka Mediterania na kupita wote katika ujia mwembamba. Jeshi la anga la huko likakaa pamoja na wataalamu, likapima ndege wapita lini na katika kimo gani, likabadili saa na njia za mazoezi. Ajali zikapungua sana. Korongo hao hao waliokwepwa huko ndio wanaofika baadaye juu ya Nile yetu.

Pili, yanahusu magonjwa. Mwaka 2005 homa ya mafua ya ndege iliua ndege wapatao 6,000 katika ziwa Qinghai nchini China, wengi wao wakiwa bata bukini mwitu wenye mistari myeusi kichwani. Miaka iliyofuata bata bukini wa jamii hiyo walifungwa vyombo vya setilaiti. Jambo la ajabu likajulikana: hupita juu ya milima ya Himalaya, na mmoja wao alipimwa akiwa katika kimo cha mita 7,290, mahali ambapo askari asiyezoea angeanguka kwa kukosa pumzi. Jambo la manufaa pia likajulikana, kwamba safari za ndege zinaweza kulinganishwa na mahali ugonjwa ulipozuka, ili ionekane ni wapi ndege wa porini anahusika na ni wapi mwenye kulaumiwa ni mfanyabiashara wa kuku aliyewapitisha kwa njia za panya.

Bata bukini wa kwetu, yule wa Misri na yule mkubwa mwenye kucha katika bawa, hawasafiri mbali kiasi hicho. Huyafuata maji tu kadiri Nile inavyojaa na kupungua. Lakini hukaa katika bwawa moja na wageni wa kutoka mbali, na bata wa kufugwa hunywa maji hayo hayo. Mwezi wa Januari 2017 ndege wengi wa kuhama walikutwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, na ugonjwa ukaonekana pia kwa bata na kuku wa kufugwa upande wa Masaka. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai ya Uganda. Marufuku ya namna hiyo husimamiwa na nani kama si askari aliye mpakani? Afadhali basi mtu ajue mapema ndege wanakotoka, kuliko kuanza kuuliza mizoga ikishaelea majini.

Tatu ni nzige. Mwezi wa Februari 2020 makundi ya nzige yaliingia Karamoja kutoka Kenya, na askari wa UPDF wakapelekwa kunyunyiza dawa kwa bomba za mgongoni. Wale waliokuwako wanakumbuka uzito wa kazi ile. Korongo mweupe, pamoja na nduguye mdogo mweusi ambaye huzaliana katika ukanda wa kusini mwa Sahara na kuhama ndani ya Afrika yetu wenyewe, ni mlaji mkubwa wa nzige na viwavi jeshi. Hatusemi kwamba atawamaliza, bali anafanya kazi ile ile bila mshahara wala posho, na anayempiga mshale au risasi amejipunguzia msaidizi.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kuwajua maadui wa ndege wenyewe. Nchini Sudan, karibu na Port Sudan, palikuwa na njia ya umeme iliyojengwa miaka ya 1950 ambayo nguzo zake ziliwaua kwa shoti tumbusi wa Misri, mwaka baada ya mwaka. Mizoga ilionekana chini ya nguzo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini njia ile ilizimwa mwaka 2014 tu, baada ya wataalamu kurudi na ushahidi. Tumbusi anapopungua, mizoga hukaa porini, mbwa huongezeka, na kichaa cha mbwa hufuata.

Sasa tuseme la kipolisi. Mwaka 2017 kikundi kimoja cha wahifadhi nchini Poland kilimfunga korongo aitwaye Kajtek chombo cha kutuma habari kwa mtandao wa simu. Aliruka zaidi ya kilomita 6,000 mpaka bonde la Nile ya Buluu nchini Sudan, na hapo habari zake zikakatika. Mwaka 2018 kikundi kile kikapokea hesabu ya simu ya zaidi ya zloti 10,000, ambazo ni kama dola 2,700 za Marekani. Mtu fulani alikuwa amekipata chombo, akaitoa kadi ya simu, akaitia katika simu yake, na akazungumza kwa jumla ya saa 20. Kisa kinachekesha, ila mbele ya sheria ni wizi ulio wazi, tena wizi unaoacha alama, kwa kuwa kila simu iliyopigwa imeandikwa. Anayefikiri kwamba chombo cha ndege ni mali isiyo na mwenyewe na afikiri tena.

Hapa Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda, kuua au kumiliki mnyama wa porini anayelindwa pasipo kibali, na ndege wamo. Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA, ndiyo yenye dhamana. Askari hahitaji kuwa mtaalamu wa ndege; anahitaji kujua mambo machache ya kufanya tangu ndege alipoletwa mpaka mwenye dhamana alipofika.

Ndege akiletwa hai, awekwe mahali penye kivuli na kimya, ndani ya sanduku lenye matundu au chumba kitupu, mbali na mbwa na watoto. Mshike kwa nguo iliyofunikwa juu ya kichwa chake, na uangalie mdomo, maana korongo akiogopa hulenga macho. Kwa sababu ya mafua ya ndege, asishikwe kwa mikono mitupu, awe hai au mfu, na aliyemshika anawe kwa sabuni. Herufi na namba za pete zinakiliwe katika kitabu cha kituo jinsi zilivyo, pamoja na rangi ya pete na mguu ilipo, wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa hayo nayo ni sehemu ya anwani. Chombo kipigwe picha pande zote, kisifunguliwe, kisikatwe waya, kisiondolewe mgongoni. Iandikwe siku, saa, kijiji, na jina la aliyemleta. Kisha UWA wapewe habari siku hiyo hiyo.

Lakini chombo kikikutwa peke yake chini, hakuna ndege, hakuna mfupa wala unyoya karibu, hapo shauri ni jingine. Hicho si cha kuokotwa. Watu waondolewe, mahali pawekewe alama, na waitwe wenye ujuzi wa mabomu kama ilivyo desturi, hata kama baadaye kitaonekana kuwa ni cha korongo. West Nile imelipa gharama kubwa mno kwa vitu vidogo vilivyookotwa na watoto.

Na aliyeleta ndege asitishwe kwa maswali ya kumfanya ajute. Mapema mwaka 2024, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, si mbali na mpaka wetu wa ziwani, wakazi walimpata ndege mla samaki wa jamii ya mwewe akiwa amedhoofika, mguuni ana pete ya Finland. Walitoa habari, shirika la wanyamapori la Kenya likaja kumchukua, na ikaelezwa kwamba ametoka kwao umbali wa karibu kilomita 7,000. Ndege mwenyewe hakupona. Hata hivyo waliomvisha pete huko Helsinki walipata kujua alikofika, na wakazi wa kijiji kile wakapata kujua alikotoka. Namba ikifika kwa wenyewe, jibu huja na umri wa ndege, mahali alipozaliwa na siku aliyovishwa pete. Nalo huletwa kwa aliyetuma habari, askari kwa jina lake na kituo kwa jina lake.